Sensa za Kuegeshea Zikigoma kwenye Gari la Umeme: Mwongozo kwa Walio Mtwara na Lindi

Gari la umeme likirudi nyuma karibu halisikiki. Mtoto anayecheza uani kule Chikongola, au mama lishe aliyeinamia jiko lake pembeni mwa stendi, hana ngurumo ya injini ya kumshtua. Ule mlio mwembamba ambao magari mengi ya umeme hutoa yakiwa kwenye mwendo mdogo nao humezwa na kelele za bodaboda. Kwa hiyo sensa za kuegeshea, vile viduara vya kwenye bampa vinavyolia unapokaribia kitu, zikianza kulia ovyo, au zikinyamaza kabisa, si jambo la kuzoea. Dereva aliyezoea mlio wa uongo huupuuza na wa kweli.

Kwa bahati nzuri, hitilafu nyingi za sensa hazihitaji kompyuta mpya wala spea. Huku pwani wasumbufu wakubwa ni chumvi, tope, rangi iliyopakwa vibaya, plagi ya kuunganishia waya za sensa iliyoota kutu na betri ndogo iliyochoka. Ninachokusihi ni kimoja: usikubali sensa ibadilishwe kabla haijajulikana ni ipi mbovu na ina shida gani. Wapo watu wanaoagiza seti nzima kutoka Dar es Salaam, mzigo ukasafiri zaidi ya kilomita 500, kumbe kilichokatika ni waya mmoja.

Kwanza ujue inafanyaje kazi

Kile kiduara kilichopachikwa kwenye bampa, chenye upana wa sentimita mbili hivi, kwa ndani ni bati jembamba la alumini linalotetemeka kama ngozi ya ngoma. Hutoa sauti ya mitetemo kati ya 40,000 na 60,000 kwa sekunde, wakati sikio la binadamu linaishia karibu 20,000. Sauti ikigonga ukuta hurudi, na kompyuta ya gari hupima muda uliopita. Kwa joto letu sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde, hivyo mwangwi wa ukuta ulio mita 1 nyuma yako hurudi kabla ya milisekunde 6 kuisha. Kompyuta hugawa muda huo kwa mbili, inapata umbali, na wewe unasikia pii, pii, pii. Ukifika sentimita 30 hivi, mlio unaunganika.

Elewa hapo mambo mawili. La kwanza, chochote kinachozuia lile bati kutetemeka kinaua sensa hata kama umeme wake ni mzima. La pili, sensa inasikia tu kile kinachorudisha sauti. Ukuta wa tofali hurudisha vizuri. Uzio wa makuti hurudisha kidogo. Rundo la magunia ya korosho linaweza kuimeza sauti mpaka gari likaligusa bila mlio wowote. Nguzo nyembamba, waya wa kuanikia nguo, jiwe fupi lililo chini ya usawa wa bampa na mtu aliyevaa nguo nzito huweza kupita bila kusikika. Na shimo halirudishi sauti: mtaro wa maji ulio wazi nyuma ya gari, sensa haiujui. Haya si hitilafu, ndiyo mipaka ya kifaa. Usimlipe fundi akutengenezee kitu kisichoharibika.

Hakikisha pia kwamba gari lako lina sensa. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na kamera ya nyuma peke yake. Tesla nao walianza Oktoba 2022 kutoa magari yasiyo na sensa hizi, wakategemea kamera. Pia kuna sensa zilizofungwa baadaye na fundi, zenye kiboksi chao kidogo ndani ya buti. Hizo nitazigusia mbele.

Hatua ya 1: Sikiliza linasemaje

Kabla ya kushika bisibisi, andika gari linafanya nini hasa. Maelezo ya "sensa hazifanyi kazi" hayamsaidii fundi yeyote.

Likikaa kimya kabisa ukiingiza rivasi, fikiria swichi, fyuzi au umeme usiofika. Likitoa mlio mmoja mrefu wa sekunde chache mara tu unapoingiza rivasi kisha likanyamaza, magari mengi ndivyo yanavyotangaza kwamba yamejipima na kukuta hitilafu. Likilia mfululizo wakati nyuma ni peupe, kuna uchafu, maji, sensa iliyosogea, au kitu cha gari lenyewe kinachojitokeza mbele ya sensa. Likisumbua siku za mvua tu, nenda moja kwa moja kwenye plagi.

Angalia na mazingira. Lori likiachia breki za upepo karibu nawe, ule mlio wa hewa una sauti za juu ambazo sensa huzipokea kama mwangwi. Ukipaki kwenye foleni ya malori ya makaa ya mawe karibu na Bandari ya Mtwara, milio ya ghafla isikutishe. Majani marefu na mvua kubwa hufanya vivyo hivyo. Ondoka hapo, jaribu mahali palipo wazi, ndipo uamue kama una tatizo.

Hatua ya 2: Swichi na menyu

Tafuta kitufe chenye herufi P na alama ya mawimbi. Mtoto au muosha magari akikigusa, mfumo unazimika, na baadhi ya magari hukumbuka hali hiyo hata ukiliwasha upya. Kama menyu ni ya Kijapani, elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri kwenye skrini, utaiona sehemu ya sensa na ya sauti. Sauti ikiwa imeshushwa hadi mwisho, sensa zinafanya kazi lakini husikii.

Hatua ya 3: Osha, kausha, jaribu

Hatua hii watu huiruka kwa sababu ni rahisi mno, na ndiyo inayomaliza kesi nyingi. Gari lililotoka Newala au Tandahimba hubeba vumbi jekundu. Likikutana na umande linakuwa ganda gumu. Lililotembea kando ya mashamba ya chumvi au lililoshinda ufukweni Msimbati lina ukungu wa chumvi ambao macho hayauoni mpaka ukauke.

Tumia maji safi, sabuni laini na kitambaa. Usikwangue kwa kisu wala brashi ya waya, lile bati ni jembamba. Mwambie anayeosha kwa mashine ya presha asielekeze mkondo kwenye sensa kwa karibu, kwa sababu maji yakisukumwa kwa nguvu hupita kwenye mpira na kuingia nyuma. Ukimaliza kausha na uangalie: kila sensa iwe sawasawa na uso wa bampa. Bonyeza polepole kwa kidole. Inayocheza, iliyozama ndani au iliyoinama kidogo itasoma ardhi badala ya kusoma nyuma.

Chunguza pia pleti namba. Bampa la Japani limetengenezwa kwa pleti fupi. Fremu ya kwetu ikifungwa ikachomoza, au pleti ikijikunja pembeni, sensa za katikati huiona kila siku. Ngao ya chuma na ndoano ya kuvutia tela hufanya vilevile.

Hatua ya 4: Betri ndogo

Wenye magari ya umeme wengi huangalia asilimia za betri kubwa tu. Sensa, taa, redio na kompyuta zote hula kwenye betri ndogo ya volti 12, na kwenye magari mengi ni ya risasi na asidi kama ya gari lolote. Ikichoka, gari huanza kutoa makosa yasiyohusiana: leo sensa, kesho breki, keshokutwa kufuli za milango. Gari lililopaki muda mrefu bila kuchajiwa huathirika zaidi.

Pima kwa mita gari likiwa limezimwa na kupumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 bado inafaa. Chini ya 12 imeisha. Kisha liwashe hadi taa ya READY, yaani gari liko tayari kuondoka, iwake. Sasa mita inapaswa kupanda, kwa kawaida zaidi ya volti 13, kwa sababu betri kubwa inaichaji ndogo. Isipopanda, achana na sensa kwanza, tatizo lako liko kwingine na ni zito zaidi.

Ukiwa hapo angalia fyuzi ya sensa kwa mchoro ulio kwenye kifuniko cha kisanduku. Ikiungua weka ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna waya unaogusana na bodi. Usiweke fyuzi kubwa zaidi wala kipande cha waya.

Hatua ya 5: Jaribu sensa moja moja

Hapa naomba uwe makini kweli. Ili sensa za nyuma ziamke, magari mengi ya umeme lazima yawe READY na gia iwe kwenye rivasi. Gari halitetemeki wala halingurumi, hivyo aliye nyuma husahau kwamba liko tayari kuondoka. Paki pasipo na mteremko, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya matairi, na mweke mtu mzima kwenye usukani, mguu juu ya breki muda wote. Wewe simama pembeni mwa bampa, usisimame katikati. Watoto waende ndani.

Sogeza sikio karibu na sensa ya kwanza. Iliyo hai hutoa tik-tik-tik nyepesi na ya haraka. Mahali penye kelele, gusa uso wake kwa ncha ya kidole utasikia mtikisiko mdogo. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Chora duara nne kwenye karatasi, uweke alama ya iliyo kimya. Baada ya hapo chukua ubao bapa, uuanzishe mita moja na nusu nyuma ya kila sensa na uulete polepole. Mlio uanze kwa kukatika, kisha uharakishe. Sensa za pembeni huanza kuona kwa karibu zaidi kuliko za katikati, mara nyingi sentimita 60 hivi, kwa hiyo usizihukumu kwa kipimo kimoja.

Zote nne zikiwa kimya, usiseme zote zimekufa. Sensa nne haziozi siku moja. Kwenye magari mengi, kompyuta ikikuta moja mbovu huzima upande wote, kwa sababu hairidhiki kukupa ulinzi wa nusu. Hapo itabidi uisome kompyuta yenyewe.

Hatua ya 6: Soma makosa kwa mashine

Kile kifaa cha bei nafuu cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani kinasaidia, lakini programu nyingi zinazotumika nacho husoma makosa ya injini tu. Gari la umeme halina injini, basi programu inakwambia kila kitu ni safi na unarudi nyumbani umedanganyika. Mwenye Nissan Leaf atumie programu ya simu iitwayo Leaf Spy Pro, ambayo husoma makosa ya sehemu mbalimbali za gari hilo. Kwa magari mengine tafuta fundi mwenye mashine inayoingia hadi kwenye kompyuta ya sensa, na umuulize hivyo hivyo kabla hujalipa.

Piga picha ya makosa yote kabla hayajafutwa. Ukikuta limeandikwa sensa ya nyuma kushoto, waya umekatika, umeokoa kazi ya siku nzima. Kisha yafutwe, ingiza rivasi tena, usome upya. Linalorudi papo hapo ndilo la kushughulikia. Mengine huenda yalibaki tangu siku betri ndogo iliposhuka.

Hatua ya 7: Plagi, na hapa ndipo chumvi inapokaa

Hewa yetu kuanzia Mikindani hadi Kilwa Masoko ina chumvi, na mvua zetu zinazoanza Novemba au Desemba hadi Aprili hurusha maji ya barabarani moja kwa moja nyuma ya bampa. Kama sensa inasumbua siku za mvua tu, jibu karibu siku zote liko kwenye plagi.

Zima gari kabisa, ondoka na ufunguo, subiri dakika kadhaa, kisha fungua waya hasi wa betri ndogo. Magari mengine hukuruhusu kufikia plagi kwa kuingiza mkono kutoka chini. Mengine lazima bampa lifunguliwe. Waya zozote zenye rangi ya chungwa usiziguse, usizivute, usizisukume kwa bisibisi. Hizo zinabeba mamia ya volti, na kuzima gari peke yake si kibali cha kuzifungua. Waya za sensa ni nyembamba na ni za volti ndogo. Ukiwa kwenye bampa la mbele ongeza tahadhari, kwa sababu baadhi ya magari, Leaf likiwemo, yana tundu la kuchajia puani, na huko mbele pia hukaa sensa za mifuko ya hewa. Kama hujawahi kufungua bampa la gari la umeme, la mbele mwachie anayelijua.

Bonyeza ulimi wa plagi, ivute kwa kushika plastiki na si waya. Ndani utaona pini, mara nyingi tatu: umeme, hasi na mawasiliano. Pini nzima hung'aa. Mbovu ina unga wa kijani au mweupe shingoni, na wakati mwingine ukiigusa inavunjika na kubaki kisiki cheusi. Unga ukiwa kidogo, puliza dawa ya kusafishia kontakti, chomeka na kuchomoa mara chache, puliza tena, acha ikauke. Usikwangue kwa wembe, utaondoa madini yanayoikinga, na kutu itarudi kwa kasi. Weka grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira wa plagi, na hakikisha mpira huo upo, kwa sababu mafundi wengi huudondosha wakati wa kufungua na hawaurudishi.

Fuatilia waya hadi unapoingia kwenye bodi. Mahali unapopita kwenye ukingo wa bati ndipo unapochubuka. Waya uliokatika uunganishwe kwa risasi, ukavalishwe mpira unaosinyaa kwa moto. Kuusokota na kuuzungushia selotepu, kwa hewa hii, ni kuahirisha tatizo hadi mvua zijazo.

Ukirudisha betri na kuliwasha gari likiwa kwenye rivasi, kwa tahadhari zile zile za Hatua ya 5, pima kwa mita ya kidijitali kati ya pini ya umeme na ya hasi. Magari mengi hutoa kati ya volti 8 na 12. Kukiwa na sifuri, sensa haina kosa. Ile taa ya kupimia ya balbu usiipeleke kwenye waya wa mawasiliano, inavuta umeme mwingi kiasi cha kuweza kuunguza kompyuta.

Hatua ya 8: Badilishana nafasi

Plagi safi, umeme unafika, na bado sensa ile ile ni kimya? Ichomoe, uiweke mahali pa jirani yake, na ya jirani uilete hapo. Hakikisha namba zilizoandikwa mgongoni zinafanana, kwa kuwa za katikati na za pembeni huenda zisiwe sawa. Futa makosa, jaribu. Kosa likihama pamoja na sensa, sensa imekufa. Kosa likibaki palepale, tatizo ni waya au kompyuta, na sensa mpya isingekusaidia. Hakuna kipimo cha bure chenye nguvu kuliko hiki. Fundi anayetaka kununua spea kabla ya kukifanya mwambie asubiri.

Hatua ya 9: Bampa lililopigwa rangi

Gari likianza kusumbua baada ya kutoka kwa fundi rangi, usitafute mbali. Sensa iliyopuliziwa rangi ikiwa bado kwenye bampa hupata tabaka nene, na rangi ikiziba ule mwanya mdogo kati ya sensa na bampa, bati linashikana na plastiki. Likitetemeka, bampa zima linatetemeka nalo, na gari linajisikia lenyewe. Dalili yake ni mlio usiokoma penye uwazi mtupu.

Kila sensa ina pete laini ya silikoni inayoitenga na bampa. Pete ikipotea, ikachanika au ikajazwa puti, matokeo ni hayo hayo. Sensa pia ina juu na chini; ikigeuzwa husikiliza pembe isiyo yake na kuanza kulia kwa kuiona barabara. Kama fundi anapaka rangi, sensa zitolewe, zipakwe peke yake kwa tabaka jembamba usoni tu, zikauke, ndipo zirudi na pete zao. Iliyokwisha kulundikwa rangi usiikwangue kwa kisu, mara nyingi ni heri kuibadilisha.

Sensa zilizofungwa na fundi baadaye

Hizi hupata umeme kutoka waya wa taa ya rivasi, kwa hiyo anza kuangalia kama taa yenyewe inawaka. Kwenye baadhi ya magari ya kisasa taa hiyo hupewa umeme wa kukatakata, balbu haijali lakini kiboksi kinachanganyikiwa, kinawaka na kuzima. Fundi umeme aweke rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, inayochukua umeme thabiti kutoka kwenye fyuzi, na taa ya rivasi ibaki kutoa amri tu. Asichukue umeme wowote kwenye mfumo wa betri kubwa.

Ukishindwa, na ukihitaji spea

Kama gari liligongwa, kama maji yaliingia hadi kwenye kompyuta, au kama sensa zako zinahusika na breki ya dharura na kujiegesha lenyewe, tafuta fundi mwenye mashine kamili, hata kama ni safari ya kutoka Nachingwea au Masasi. Kwa kipindi hicho zima mfumo kwa kitufe chake ili usizoee milio ya uongo, zunguka nyuma ya gari kabla ya kupanda, na mteremshe mtu akuelekeze kila unaporudi nyuma.

Sensa ya mtumba inafaa ikiwa nzima. Mwombe muuzaji akutumie picha ya mgongo wake, ulinganishe namba herufi kwa herufi na yako, kisha picha ya ndani ya plagi. Umbo la plagi likiwa tofauti, au pini zikiwa na kijani, usitume hela.